Pini Mdomoni

Mwanamume akitaka kumwambia fundi cherehani neno zito, atangoja mpaka fundi ajaze pini mdomoni. Wangu alingoja hivyo hivyo.

Alikuwa amesimama katikati ya duka langu, ametanua mikono kama nilivyomwagiza, na koti lake la harusi lilikuwa bado na mkono mmoja tu. Mimi nilikuwa nyuma yake nabana mshono wa mgongoni, pini zimejipanga kati ya midomo yangu, vichwa nje. Alinukia sabuni, na chini ya sabuni ule moshi wa kulehemu usiotoka hata aoge vipi, maana siku za kazi ni fundi redio. Mwalimu, ninavyomwita, ni jina la kanisani. Ndiye anayeifundisha kwaya yetu, na nimeshindwa kumwita jina jingine, hata siku aliyonivisha pete. Naye ananiita Fundi.

Mama yangu hakumtaka mwanzoni. "Mwalimu wa kwaya! Atakulisha noti?" alisema, akaucheka utani wake peke yake, kisha akalia kweli. Ilimchukua muda kukubali kwamba mtu anaweza kuishi kwa redio za watu na noti zisizonunua hata kiberiti. Sasa alikuwa amekubali, tena kwa kelele, na kesho yake tulikuwa tunakwenda kwa Mchungaji atuhoji, ili Jumapili aitangaze ndoa yetu mbele ya kanisa.

Basi nilikuwa na furaha. Mshono ule ulihitaji pini chache tu. Nilitia nyingi, kwa sababu mgongo wenyewe ulikuwa mbele yangu na sikuwa na haraka nao.

"Fundi," akasema.

"Mmh." Mwenye pini mdomoni hana lugha nyingine.

"Jumapili ulianzisha wimbo kwa sauti ya pili."

Masikio yakaniwaka moto. Hiyo ilikuwa aibu yangu mpya kabisa, hata sikuwa nimeizoea. Tangu nikiwa msichana mdogo nimeimba sauti ya pili, na siku zote sauti ya kwanza ilikuwa ubavuni kwangu, kwenye koo la rafiki yangu tuliyemwita Kengele. Yeye akibeba wimbo, mimi nanyemelea chini yake. Kisha Kengele akaanza kuchelewa, akaanza kukosa, na nilipokwenda kwake akaniambia amechoka, nisimuulize amechoka na nini. Sauti ya nne nao wakapukutika mmoja mmoja, huyu safari, huyu usingizi, huyu hana sababu wala hatafuti. Jumapili hiyo mzee wa kanisa akatazama huku na huku, akaniona mimi mwanakwaya, akanipa ishara nianzishe. Nikafungua mdomo kwa ujasiri wangu wote. Ikatoka sauti ya pili. Watu wananiamini, wakanifuata, na nikawapeleka mahali pasipo na njia. Ubeti wa kwanza kila mtu aliumaliza kivyake. Mchungaji akapenga kamasi kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Sikuwa na namna ya kujitetea. "Mmh-mmh?" nikauliza, maana yake nani kakupasha.

"Hakuna aliyeniambia. Nilikusikia mwenyewe."

Mkono wangu ukasimama. Jumapili hiyo aliniambia ana redio ya mteja lazima aimalize. Na ile iliyotangulia. Na ile ya kabla yake.

"Nilifika mpaka getini," akasema, bado amenipa mgongo, mikono imetanuka. "Nikasikia unapotea. Nilitaka kuingia nikuokoe, nakwambia kweli, nilikuwa nimeshalishika geti. Kisha nikajiuliza, nikiingia naingia kufanya nini? Nikageuka."

Nje, muuza viatu wa jirani alikuwa anabishana na mteja kuhusu saizi.

"Siamini tena, Fundi."

Nikamchoma. Sikukusudia. Pini iliingia begani na akashtuka kidogo tu, kama mtu aliyekuwa akiitegemea. Hapo nilitaka kusema maneno yote niliyonayo, lakini pini hazitemwi. Inabidi uzitoe moja moja, uzichomeke kwenye kimto chake, na ukifanya haraka utaumia. Nikazitoa moja moja. Yeye akapata nafasi ya kusema kila kitu.

"Usidhani kuna mtu kanikosea. Ungeuliza hilo kwanza, nakujua. Hakuna. Wala sikufiwa, wala sikuomba nikanyimwa. Siku moja nawafundisha wimbo ule mrefu, nikagundua nasikia sauti tu. Hii imepanda, hii imeshuka, huyu kachelewa kuingia. Maneno yalikuwa yamehama. Nikasema ni uchovu. Nikarudi wiki nyingine, hayapo. Nikakaa nyumbani nikasoma, nikapiga magoti, nikanyamaza nisikilize. Hakuna kitu, Fundi. Kama redio nzima kabisa na hakuna stesheni."

Pini ya mwisho ikatoka. Na mimi niliyekuwa na maneno yote nikajikuta na moja tu.

"Geuka."

Akageuka. Nilitaka nione uso wa mtu aliyebadilika, nimchukie kidogo, nipate pa kushika. Uso ulikuwa ule ule. Macho yale yale yanayoanza kucheka kabla ya mdomo, ila siku hiyo hayakucheka. Nilimpenda pale pale, zaidi ya dakika tano zilizopita, na jambo hilo likanikasirisha.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Sijui. Ingekuwa na siku ningekwambia siku yenyewe."

"Na pete ulinivisha ukiwa wapi, huku au huko?"

"Nilikuvisha nikiwa nakupenda. Hapo sijahama."

"Usinichezee maneno, Mwalimu."

"Sichezi. Shusha sauti, watu wanatazama."

Kweli muuza viatu na mteja wake walikuwa wameacha ubishi. Nikaenda nikarudisha mlango nusu. Niliporudi alikuwa ameshusha mikono, na koti lile la mkono mmoja lilimfanya aonekane kama mtu aliyetoroka hospitali. Nilikaribia kucheka. Kisha nikakumbuka.

"Na kesho? Kwa Mchungaji?"

"Nitakuja."

"Ukamwambie nini?"

"Akiniuliza naamini, nitasema ndiyo. Na siku ya harusi nitasema yote, ndiyo kwa msaada wa Mungu, na kichwa nitainamisha. Jumapili nitakaa na wewe mstari wa mbele. Watoto tutawapeleka wakabatizwe. Sitakufanyia vurugu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Ndiyo. Wewe."

"Sasa kwa nini umeniambia?" Sauti ilinipanda tena, nikaishusha kwa nguvu. "Kama unaweza kumdanganya Mchungaji na kanisa zima, si ungenidanganya na mimi? Ningeoa... ningeolewa, umenifanya hata kuongea sijui! Ningeolewa kwa raha zangu, nisijue kitu!"

"Nilijaribu. Wewe nimeshindwa."

Akasema hivyo kwa upole sana, akanyoosha kidole akanifuta chaki shavuni. Ile chaki ya kuchorea vitambaa, huwa inanijaa usoni sijui inapitaje. Kidole chake kilikaa pale kuliko chaki ilivyohitaji. Nilitaka kukiondoa na nilitaka kisiondoke, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Vua koti," nikamwambia. "Utalichafua."

Akalivua polepole, pini zisimkwaruze. Mlangoni akauliza, "Kesho nije?"

Ningesema usije. Ningesema njoo. Nikasema, "Sijui, Mwalimu. Njoo."

*

Nilimkuta Mama uani anaanua nguo. Mama yangu ni mwenyekiti wa umoja wa akina mama kanisani, na hata shuka huanua kama anaongoza kikao. Akanitupia ncha mbili za shuka bila salamu, tukaanza kuikunja, mimi upande wangu, yeye wake.

"Mkwe wangu koti limemkaa?"

Nilikusudia kunyamaza. Nilikuwa nimejipangia njia nzima kwamba sitasema. Basi nikasema yote, na nilipofika kwenye geti nikaanza kulia, na shuka ikaburutika chini.

"Nyanyua shuka," Mama akasema.

Nikainyanyua. Nilingoja apige ukelele. Nilingoja aniambie si nilikwambia, mwalimu wa kwaya! Nusu ya roho yangu ilikuwa inaomba anikataze, nimwambie Mwalimu kwamba nimekatazwa, nilie kwa heshima zangu na lawama ziende kwa Mama.

Akaja mbele na ncha zake, akanikabidhi, akainama akashika mkunjo. "Si amesema atajibu ndiyo?"

"Amesema."

"Basi ajibu ndiyo, yaishe."

"Mama!"

"Nini? Umri wako unaujua. Wanaume wa siku hizi unawaona. Huyu hanywi, hapigi, anakupenda mpaka anajisema mwenyewe bila kuulizwa. Unataka nini tena, unataka malaika?"

"Nataka tuwe kitu kimoja. Ni uongo, Mama. Ni uongo mbele za Mungu. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Mama akaiweka ile shuka kwenye kapu, akachukua nyingine, akanipa ncha. Hakunitazama.

"Baba yako unadhani alikuwa anaamini?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Baba yangu, ambaye kila Jumapili alikaa mwisho wa benchi letu hadi ugonjwa ulipomlaza. Baba aliyekuwa akiimba kwa sauti nene mpaka tukawa tunamwonea haya. Jeneza lake tulilifunika kwa kitambaa chenye msalaba nilichokishona mwenyewe.

"Aliamini," nikasema.

"Aliniamini mimi." Mama akavuta shuka ikakaza kati yetu. "Kabla ya harusi alikuja akaniambia kama huyu wako alivyokwambia. Yeye hakungoja pini, alingoja nimtie maji ya kunawa. Nikamwambia, sema ndiyo, mengine tutayajua mbele. Akasema. Akalisema mpaka anakufa. Hakukosa Jumapili hata moja kwa ajili yangu. Nani mwenye mume kama huyo?"

"Na hukuwahi kutuambia."

"Niwaambie ili iweje?"

Nilikuwa naiona Jumapili moja baada ya nyingine ikigeuka upande wa pili, kama nguo unayoifumua ukakuta ndani kitambaa ni kingine. Kumbe sauti ile nene ilikuwa mapenzi tu. Mapenzi tu! Niliposema hivyo moyoni nikajikemea, maana ni nani kasema mapenzi ni kitu kidogo?

"Mama, ilikuwaje?" nikauliza. "Wewe ulikuwaje?"

Akaja mbele na ncha zake. Tulipokaribiana niliona kidevu chake kinatetemeka, na Mama yangu si mtu wa kutetemeka.

"Nilikuwa na mume mzuri," akasema.

"Najua. Ulikuwaje?"

"Nilikuwa naomba peke yangu." Alisema haraka, kama mtu anayetaja dawa anayokunywa. "Amekaa hapa, bega lake hili hapa, na mimi naomba peke yangu. Huwezi kumwambia mtu. Kila mtu anaona mko wawili. Nikiona kafumba macho nilikuwa nasema leo, labda leo. Nikimtazama baadaye, naona hapana." Akaivuta shuka mikononi mwangu. "Lakini nilikuwa na mume. Wewe usiwe mjinga. Kesho vaa lile gauni la bluu."

Akabeba kapu akaingia ndani. Mimi nikabaki pale chini ya kamba, sijui kama nimepewa ruhusa au nimepewa onyo, na nadhani hata Mama mwenyewe hakujua.

*

Nilivaa gauni la bluu.

Ofisi ya Mchungaji zamani ilikuwa stoo, na siku hizi ilikuwa inarudi kuwa stoo, maana kila mtu akiacha kuja, kiti chake cha plastiki huondolewa kanisani kikapangwa humo, kimoja juu ya kingine, ili nafasi isionekane. Viti vilikuwa vimefika karibu na dari nyuma ya kichwa chake. Mchungaji wetu ni kijana, ana mafua yasiyoisha na kitambaa cha kupengea hakimtoki mkononi. Ukimzoea utagundua anakitumia anapotafuta la kusema.

Mwalimu alikuwa amefika kabla yangu. Shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Tulitazamana mara moja, nikatazama viatu vyangu. Alikuwa hajalala, nilimwona, na mimi sikuwa nimelala, na kwa namna ya kijinga kabisa nikafurahi kwamba tulikesha wote ingawa kila mtu kwake.

Mchungaji akatuuliza ya kawaida. Wazazi wameridhia? Wameridhia. Hakuna mwenye ndoa nyingine? Hakuna. Mtaishi wapi? Mwalimu akaeleza habari ya nyumba, vyumba na maji, akaeleza vizuri kama mtu aliyefanya mazoezi. Niliisikia ile sauti yake ya kufundishia, tulivu, inayomfanya hata asiyejua kuimba ajione anajua. Nikawaza, ataweza. Atasema ndiyo kwa sauti hiyo hiyo, na ukuta mzima wa viti utamwamini.

"Sasa," Mchungaji akasema, akapenga. "Mimi huwa na swali moja la mwisho. Simuulizi mtu akiwa peke yake, huwa nauliza mbele ya mwenziwe. Kunidanganya mimi ni rahisi, nina mafua." Alijaribu kutabasamu. "Kwa hiyo, Mwalimu. Mtazame dada hapa unapojibu. Je, unamwamini Kristo?"

Mwalimu akanigeukia.

Natamani niseme kwamba wakati ule nilijua ninalotenda. Sikujua. Niliona macho yake, na ndani yake niliona mambo mawili kwa pamoja, kwamba ananipenda na kwamba anakwenda kujiumiza. Nikaona miaka. Nikaona bega lake hapa, zuri, karibu kabisa, na mimi nikimchungulia kila anapofumba macho. Nikamwona Mama ameshika shuka. Na wakati huo huo nilikuwa nasema moyoni, nyamaza, nyamaza, neno moja tu na mtu wako utakuwa naye.

Akafungua mdomo.

"Usiseme," nikamwambia.

"Dada, mwache ajibu," Mchungaji akasema.

"Atasema ndiyo, Mchungaji. Si kweli. Anasema kwa ajili yangu." Nilisikia sauti yangu inatoka kama ya mtu mwingine aliyeketi kwenye kiti changu. "Tafadhali usimuulize. Mpaka siku atakayotaka mwenyewe."

Uso wa Mwalimu ulikuwa kwanza hauna kitu, kisha damu ikampanda, akautazama mlango. Lakini hakuondoka. Mabega yake yakashuka kidogo tu, mimi niliyeyapima nilijua yalikuwa wapi mwanzo, na nikafikiri labda amepumua. Labda nilijipa moyo tu.

Mchungaji alikunja kitambaa chake, akakikunjua. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinigeukia mimi.

"Na wewe, dada? Wewe unaamini?"

Mimi? Nilikaribia kumjibu kwa hasira. Mimi nipo kila Jumapili! Mimi nilibaki Kengele alipoondoka, nilibaki sauti ya nne ilipokwisha, nilibaki nikaanzisha wimbo nikajiaibisha mbele ya watoto! Lakini hakuniuliza kama nilibaki. Na ghafla nikaona kwamba sijawahi kuulizwa. Niliulizwa nikiwa mdogo, pamoja na wengine, tukajibu kwa pamoja kama tulivyofundishwa. Tangu hapo nimekuwa nikiwapigia mahesabu wengine, nani kaja, nani hakuja, na mwenyewe sijageuka kujitazama.

Nikajitazama. Nilitafuta ile furaha wanayoisema watu, sikuiona. Nilikuta woga. Nilikuta Mwalimu, kila kona Mwalimu, kidole chake kimenishika shavu. Nilikuta hasira kwa Mungu mwenyewe, kwamba kwa nini hakumwachia huyu mtu angalau maneno ya wimbo mmoja. Nikakasirika kweli, nikamwambia hivyo hivyo kimoyomoyo, na katikati ya kumgombeza nikagundua namgombeza mtu aliyepo.

"Ndiyo," nikasema. Ilinitoka kama ya mtu aliyegongewa mlango usingizini. "Ndiyo, naamini."

Mwalimu akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, si ya mapenzi wala ya chuki. Kama mtu anayesikia wimbo anaoufahamu ukiimbwa na mgeni.

Mchungaji akainamisha kichwa. "Basi Jumapili hii sitaweza kuwatangaza," akasema polepole. "Sisemi sitawatangaza kamwe. Nasema Jumapili hii. Mwalimu, mlango huu haufungwi. Na hata usipotaka kuja kama mwalimu wa kwaya, mimi nyumbani nina redio mbovu." Akapenga. Nadhani safari hiyo hayakuwa mafua.

*

Tulipotoka Mwalimu alitangulia mbele. Nikamfikia kwenye ukuta wa kanisa, palipokuwa na kivuli.

"Umenivua nguo mbele ya mtu," akasema.

"Najua."

"Nilikuwa nimeshajipanga. Neno moja, Fundi. Nilikuwa nalitoa kwa ajili yako."

"Ndiyo maana nimelikataa."

"Jana ulisema bora ningekudanganya."

"Jana nilikuwa na akili za jana."

"Na leo?"

"Leo sina kabisa."

Alikaribia kutabasamu, akajizuia. Alikuwa amekasirika kweli na nilimpa haki yake. Akapiga teke kijiwe, akakifuata kwa macho.

"Kwa hiyo umemchagua Yeye."

"Sijui kama nimechagua. Niliulizwa, nikajibu."

"Unajuta?"

"Ndiyo."

"Ukiulizwa tena utajibu nini?"

"Hivyo hivyo."

"Sasa hayo mawili yanakwenda vipi pamoja?"

"Wewe ndiye mwalimu wa sauti," nikamwambia. "Mimi sijui. Ninachojua, sitaki kukaa na wewe miaka yote nikikuchungulia. Sitaki kuwa peke yangu na huku uko hapa. Kama nitaomba peke yangu, acha niwe peke yangu kweli. Na wewe usiwe mtu wa kuinamisha kichwa kwa sababu ya mke. Hukuumbwa hivyo. Hata uongo wa redio ya mteja ulishindwa kuushikilia."

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi! Nakupenda, Mwalimu, husikii? Nakupenda mpaka naumwa." Machozi yalikuwa yamenijia, nikayaacha. "Nimekataa ule uongo. Wewe sijakukataa. Ila nakuona na wewe unaondoka pamoja nao, na sijui nifanyeje."

Alichukua mkono wangu akaugeuza, akapitisha kidole gumba juu ya ncha za vidole vyangu, pale sindano zilipopafanya pagumu. Aliwahi kuniambia hizo ndizo alizozipenda kwanza, kabla ya sura. Alivishika kimoja kimoja. Nilidhani atasema nisubiri. Nilidhani atasema anaondoka. Sijui ni lipi lililokuwa ndani yake, na nilipoyatafuta macho yake, yalikuwa yamejaa maji.

"Nitakuja kuzungumza na Mama," akasema mwishowe. "Asidhani nimekuchezea. Baada ya hapo, sijui."

"Sawa."

"Na ukanywe maji, umekauka midomo."

"Sawa."

Akaniachia mkono, akaenda. Alikuwa amepiga hatua kadhaa aliposimama na kugeuka nusu, kama alivyofanya kila tulipoagana tangu tujuane.

"Haya, Fundi. Mungu akulinde."

Tukaganda wote wawili. Lilikuwa limemtoka lenyewe. Nililiona likimfikia usoni, na hakulirudisha wala hakulicheka.

"Mazoea tu," akasema.

"Najua."

Akaendelea, akapita getini, akakunja kulia kuelekea kwenye redio zake. Nilingoja mpaka nikawa sioni tena lile shati lake la pasi. Kisha nikasema amina, kwa sauti, pale uani peke yangu, maana mmoja wetu ilibidi aitikie.